Waliomkimbia Baba Mkwe

Wanawake wa nyumba yetu walikuwa na kipaji kimoja tu: kumkimbia baba mkwe. Mila yetu Wanyakyusa ilisema mwanamke asionane uso kwa uso na baba wa mumewe, asiseme naye, hata jina lake asilitaje. Bibi yangu, mzaa baba, aliringia mila hiyo kuliko ng'ombe. Alitusimulia jinsi alivyojitupa kwenye mtaro wa maji akiwa na mimba ya miezi minane, kisa baba mkwe wake alikohoa njiani. Eti hiyo ndiyo sifa.

Mama naye akarithi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini tulikaa Ilomba, ua mmoja na babu. Kila babu alipotoka kuota jua, mama aliacha chungu motoni akajibanza nyuma ya migomba. Tumekula maharage yaliyoungua hata tukayazoea. Nilimwonea haya, nasema kweli. Mwanamke mzima, mwenye nguvu za kupasua kuni, anamkimbia kikongwe asiye na meno.

Kisha nikachaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana Iringa. Baba alikuwa Chunya akichimba dhahabu, na dhahabu aliyoipata miaka yote ile isingetosha kuziba jino. Kwa hiyo mwenye kauli alikuwa babu. Akikataa, mume nilikuwa naye tayari, mzee wa ndevu za mvi, na ng'ombe wake walishatajwa. Lori la Iringa lilikuwa linaondoka Jumatatu.

Mama hakuruhusiwa kumwomba babu mwenyewe, ikabidi ampigie magoti bibi.

"Mama, niombee kwa mzee. Mtoto asome."

Bibi akaitikia kwa upole, akaenda barazani. Mama akajibanza pembeni ya ukuta asikilize, maana mila ilikataza macho na ulimi, masikio iliyasahau.

"Mkamwana wako anasema Iringa kuna baridi," bibi akamwambia babu, "na mtoto ana kifua. Bora aolewe."

Bibi yule. Yeye alilala mtaroni, basi sote tukalale mtaroni.

Nikamwona mama anatoka. Alivuka ua taratibu, akasimama mbele ya babu, karibu kiasi cha kumgusa.

"Baba, sikusema hivyo. Mtoto anakwenda Iringa."

Na babu, dume lile lililokimbiwa miaka yote, alifanya nini? Alijifunika blanketi gubigubi, akapindua kigoda, akakimbilia migombani. Alikaa huko mpaka jioni. Mwishowe akaniita, akasema huku kanipa mgongo: nenda kasome, mradi mama yako asinitokee tena pale barazani.

Nikasoma, nikawa mwalimu, nikawadharau wote watatu, bibi, mama na babu. Miaka ya hamsini ikiisha nikaolewa Kihesa, kwa Wahehe. Siku ya kwanza baba mkwe alikuja kunisalimu, mkono ameunyoosha, mzee wa watu ambaye hata haijui mila yetu. Nilishtukia niko nyuma ya mlango, nimekumbatia debe la viazi.

Nikamsikia akimwuliza mume wangu kama mwalimu anaumwa. Nikazidi kujibanza. Mama yangu, asiyejua hata kuandika jina lake, alivuka ua mzima. Mimi nilishindwa na mlango.