Mwaka Mmoja wa Kawira

Siku ninayoikumbuka, jikoni tulikuwa wanne: mimi, dada yangu Kawira, kitinda mimba wetu Mwenda, na baba mdogo M'Ikiara, aliyekuja kutujulia hali. Wazazi tulikuwa tumewazika. Mimi niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu hawa wale.

Kawira alikuwa likizoni kutoka chuo cha Nchiru. Alifungua kitabu akatuonyesha galaksi ya mbali.

"Nyota huzaliwa ndani ya wingu la gesi na vumbi," alisema. "Likipoa sana, uzito wake hulivuta ndani. Linajikunja, katikati panapata moto, mpaka nyota inawaka."

"Na hizo nyota hukamuliwa?" baba mdogo akauliza.

"Hata zingekamuliwa, baba mdogo, ungefika huko na ndoo lini?"

Tulicheka. Mwenda akauliza gesi ikiisha inakuwaje.

"Zilizopo huendelea kuwaka. Mpya hazizaliwi. Kuna galaksi nyingi zimekaa hivyo."

Mwanangu, nitakwambia ukweli: wivu ulinishika. Nilimwona dadangu akiongea mambo ambayo mimi sitayajua kamwe. Mwenda alikuwa aingie sekondari, na msaada ulihitajika kweli, lakini si haja hiyo iliyonifungua mdomo.

"Kawira atapumzika masomo mwaka mmoja," nikasema. "Ataenda Timau kufanya kazi kwenye mashamba ya maua."

Kwetu, baba akifa, kifungua mimba hukaa mahali pake. Akitoa neno mbele ya mzee wa ukoo, mdogo hajibu. Nililijua hilo, ndiyo maana sikumwita kando kwanza. Kawira alinitazama, akafunga kitabu, akamwongezea baba mdogo chai.

Mwaka mmoja haukuisha. Mwenda leo ni mwalimu. Kawira bado anapanga waridi katika chumba cha baridi, vidole vimekufa ganzi. Krismasi iliyopita binti wa Mwenda alimuuliza nyota hutoka wapi. Akamjibu, "Muulize baba yako. Yeye ndiye aliyesoma."

Basi sikia, mwanangu. Ukipewa mamlaka nyumbani, usimwamulie mtu mahali ambapo hawezi kukujibu. Mwite kando, umsikilize. Na ukiona wivu ndani yako, usiuite busara. Mungu akupe moyo mwepesi wa kutubu mapema, na wadogo zako wakuzidi nawe ufurahi.

Mimi sijamwomba Kawira msamaha. Kila Jumapili nasema nitapanda kwenda Timau. Sijapanda.