Koti la Kijani na Sanda ya Haboba

Ninamshukuru Mwenyezi Mungu, anayeteremsha mvua kwa kipimo chake na kumpa kila kiumbe cha kujifunika, na ninamwombea rehema Mtume wetu na wazazi wetu waliotangulia. Baada ya hapo, keti karibu nami, rafiki yangu, nikueleze kwa nini wiki iliyopita nilimwaibisha mjukuu wangu sokoni Arua.

Tulikwenda kumtafutia koti la mvua la shule. Akachomoa kwenye rundo la mitumba koti zito lenye kofia, la kijani ya jeshi, akalivaa na kujigeuza mbele yangu. "Nyanya, tazama, hili halipitishi maji!" Nilimvua kwa mikono yangu mwenyewe, watu wakitazama, kama mtu anayemvua mtoto nguo inayowaka moto.

Nililelewa Koboko na bibi yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Haboba. Baba na mama walikaa Arua, ambako baba alifanya kazi ya ukarani. Nyumbani tulikuwa watatu: Haboba, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa na kifua kibovu. Akilowa tu, kifua kinaanza kulia kama mlango wenye kutu, na midomo inabadilika rangi. Kwa hiyo mvua kwetu haikuwa baraka peke yake. Wingu likijikusanya upande wa Kongo, Haboba aliacha unga kwenye jiwe la kusagia na kuita, "Mtoto iko wapi?"

Miaka ile maduka yalikuwa yamebaki mbao tupu. Ukipata sabuni, unaificha. Watu walivaa viatu vilivyokatwa kwenye matairi ya lori, na wakati wa mvua tulichukua gunia, tukaingiza pembe moja ndani ya nyingine, likawa kofia na joho kwa pamoja. Gunia lilinuka muhogo mkavu, na likishalowa lilikuwa zito kuliko mtu aliyelivaa. Kwa mwenye kifua kama cha mdogo wangu, halikufaa.

Haboba alikuwa na kipimo chake cha nguo. Alivuta uzi, akauuma, akaunusa. Kisha alifunga pembe nne za nguo kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, akamimina maji katikati, akaenda kuswali. Akitoa salamu anarudi na kupitisha kiganja chini ya nguo. Kiganja kikilowa, mwenye nguo anarudishiwa mali yake, hata akikasirika. Wauzaji wa sokoni walimjua. Wengine walimkimbia.

Koti moja tu lilipita kipimo hicho bila kutoa hata jasho: koti la kijani la askari, lenye mpira ndani, aliloliuza mke wa askari mmoja sokoni. Siku hizo hakuna aliyeshangaa. Koboko ilikuwa imejaa askari, na vitu vyao ndivyo vilivyokuwa imara. Mdogo wangu alilala juu yake, alibebwa ndani yake, na kwa misimu kadhaa kifua chake kilitulia.

Kitu kingine alichokichagua kwa kuvuta na kuuma uzi kilikuwa sanda yake mwenyewe. Kama wazee wengi wa dini yetu, alikuwa ameinunua mapema na kuiweka chini kabisa ya sanduku, pamoja na udi. Wenzake waliweka bafta nyepesi. Yeye alitafuta marekani, kile kitambaa kinene cha pamba. Jirani yetu, fundi wa cherehani aliyetoka Kongo, Mkristo mwenye maneno mengi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, kule kaburini hakuna kufua nguo! Ya nini kitambaa nguvu hivi?"

"Wewe fundi, kazi yako mudomo tu," Haboba akajibu. "Mimi sitaki kufika mbele ya Mungu na nguo imepasuka."

Kisha ukaja mwaka 1979. Serikali ilipinduliwa, na askari wake tuliowazoea walianza kupita wakielekea mpakani, kwanza kwa magari, baadaye kwa miguu. Njiani walitupa makoti, mikanda, viatu. Nawe unajua hali yetu: miaka yote hiyo tumetamani vitu imara, na leo vimelala barabarani bila mwenyewe. Watu waliokota. Ninamkumbuka kijana mmoja wa mtaani akipita mbele ya ua wetu kwa miguu mizito, amevaa buti jipya la jeshi, anatupungia mkono kwa furaha.

Asubuhi moja tulisikia milio upande wa barabara ya Arua. Mvua ilikuwa imeanza. Haboba alikuwa tayari amemfunga mdogo wangu ndani ya koti, fundi alipoingia mbio bila kupiga hodi.

"Mama, toa hiyo! Hiyo koti iko muzuri kwa mvua, lakini kwa leo iko mubaya. Hao wanaokuja wakiona hiyo rangi ya askari, hawaulizi ni mutu gani."

"Ni mtoto."

"Watapiga kwanza, mama. Mtoto wataona nyuma."

Haboba alimtazama mdogo wangu, akatazama mbingu. Bila koti mvua ingemuua njiani kuelekea mpakani. Akiwa na koti, wangemuua watu. Kisha Haboba akaenda kwenye sanduku, akatoa nguo zote, akaibuka na ile sanda.

Fundi alikimbia kuleta pasi yake. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

Waliyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya shea kwenye kikaango, wakaipaka marekani kwa kitambaa, fundi akafuatisha kwa pasi yake ya mkaa mpaka nta ikazama ndani ya nyuzi. Nyumba ilijaa harufu ya asali na moshi. Nje majirani walipita na magodoro na kuku, wakituita. Haboba aliifunga sanda kwenye kigoda, akamimina maji, akatandika mkeka kwa swala ya adhuhuri.

"Mama, saa hii si ya kupima!" fundi alilia. "Twende!"

Alimaliza rakaa zake zote. Akapitisha kiganja. Kilikuwa na maji. Alipaka upya, na milio ikawa karibu. Fundi angeweza kuondoka. Alibaki akipuliza mkaa. Alasiri ikaingia, Haboba akaswali tena, na safari hii kiganja kilitoka kikavu. Tulizika koti nyuma ya ghala ya mtama, tukaondoka. Koti likaenda kaburini, sanda ikashika njia.

Kwenye kijito kabla ya mpaka kulikuwa na watu wenye bunduki. Walikagua mizigo. Mbele yetu alikuwa yule kijana wa buti. Walimtazama miguu, wakamtoa kando, nyuma ya matete. Sikumwona tena maishani mwangu.

Zamu yetu ilipofika, mmoja alishika nguo nyeupe iliyomfunika mdogo wangu mgongoni mwa Haboba. Mvua ilikuwa ikiteleza juu yake.

"Nini hii?"

"Sanda yangu," Haboba alisema. "Nimemwazima mtoto."

Yule mtu aliondoa mkono haraka. Alifunua pembe moja kwa ncha ya kidole, akaona uso wa mtoto, mkavu, umelala. "Pita, mama."

Wazazi wetu tuliwakuta baadaye upande wa Kongo, walipita njia nyingine. Fundi alibaki kwao. Tuliporudi Koboko, mchwa walikuwa wamemaliza koti. Tulichimbua vifungo tu. Haboba aliishi hadi mdogo wangu akawa mtu mzima mwenye mshahara, na mdogo wangu ndiye aliyezunguka maduka yote kutafuta marekani ya kumzikia, maana ile ya kwanza ilikuwa imejaa nta. Zote zilikuwa nyepesi. Alivuta uzi, akauuma, akalia mbele ya wauzaji. Mwishowe alipata, na kabla ya kuikabidhi kwa waoshaji alipitisha kiganja kikavu chini yake, bila hata kuimiminia maji.

Marekani ile haiuzwi tena, na ua wetu umekuwa kituo cha mafuta. Lakini sokoni Arua nilimchagulia mjukuu koti la bluu. Nikaomba kigoda na kopo la maji, nikamwambia muuzaji atungojee, tunakwenda kuswali. Alidhani nimechanganyikiwa. Tuliporudi, mjukuu mwenyewe ndiye aliyepitisha kiganja, kikatoka kikavu.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu akujalie nguo ya kukukinga na mtu wa kukuazima yake, akufikishe kwako mkavu na salama, wewe na watoto wako. Amina.