Maria Alipobisha Hodi Xiaobei

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa maigizo. Shuleni Tanga, siku ya michezo ya kuigiza, nilikuwa najificha chooni mpaka wamalize. Lakini Desemba ya mwaka tisini na nane, katika hoteli moja ya bei nafuu pale Xiaobei, Guangzhou, nilipewa sehemu katika igizo la Krismasi, mimi Mwislamu, tena nimefunga. Sehemu yenyewe ilikuwa ndogo. Nilitakiwa nifungue mlango, nimwambie Bikira Maria, "Nyumba imejaa, nendeni mbele," kisha nifunge.

Wengi tuliokaa ghorofa ile tulikuwa tunalipa kwa mwezi. Korido yetu ikawa kama uchochoro wa mtaani: huyu kaanika nguo, yule anapika kwa siri kwa jiko la umeme huku kaziba upenyo wa mlango kwa taulo ili harufu isifike mapokezi. Mimi nilikuwa nanunua nguo za watoto Zhanqian Road na kuzipeleka Dar es Salaam. Chumba changu kilikuwa marobota na kitanda, na ukitaka kupita unapita kwa ubavu.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa Mfilipino, mchoraji. Alifanya kazi Xintang kwenye karakana ya jinzi, akichora maua na ndege wa kudariziwa kwenye mifuko ya suruali. Aliondoka asubuhi na basi, akarudi jioni kucha zake zote za buluu. Aliniita Ate, ambalo kwao ni dada mkubwa, nami nikamwita mdogo wangu. Nilimfundisha kwamba kwetu mtu hagongi mlango akanyamaza kama polisi, anapiga hodi. Alilishika neno hilo kuliko nilivyotarajia. Kila jioni, "Hodi!" nami, "Karibu!" anavua viatu, anaingia, anakula nilichonacho.

Alikuwa akikaa upande mmoja tu, sikio la kulia likinielekea mimi. La kushoto lilikuwa halisikii. Ilinichukua muda kuuliza, na nilipouliza alinijibu bila kuzunguka kwamba ni mume wake, aliyemwacha Manila.

"Basi si akuache?" nikasema.

"Kwetu hakuna kuachana, Ate."

Nilidhani anatania. Nchi nzima hakuna talaka? Akasema hakuna, labda kwa Waislamu wa kusini, wao wana sheria yao. Wakristo wakishafunga wamefunga. Ndipo nami nikamsimulia yangu, jinsi nilivyopewa talaka ya kikaratasi kilicholetwa na mpwa wa mume pamoja na mkungu wa ndizi, nikabaki mlangoni sijui nipokee kipi kwanza. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Una bahati."

Hapo nikapandisha hasira. Bahati gani, ya kuachwa kama sinia la jirani linalorudishwa? Nikamwambia asinitamani, hajui anachokitamani. Naye akakasirika, akasema mimi ninalalamikia mlango nilioonyeshwa wakati yeye hana hata dirisha. Siku hiyo hakumaliza chakula.

Jumapili, wakitoka kanisani, Wafilipino wenzake walijaa chumbani kwake, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Kiingereza kikiwaishia waliingia lugha yao, lakini niliyoyasikia yalinitosha kuelewa. Mwaka uliotangulia nchi yao ilikuwa imebadili sheria ya ubakaji, hata mume akaweza kushtakiwa, ila mke akimsamehe kesi inakufa. Mmoja akasema hiyo ni hekima, nyumba inapewa nafasi ya kupona. Jirani yangu akajibu kwa sauti niliyokuwa siijui, "Sheria imenifungulia mlango wa kusamehe. Wa kutoka uko wapi?" Mwingine akasema talaka ikija watakaoshangilia kwanza ni wanaume. Na hilo, nikiwa upande wangu wa ukuta na robota la fulana mapajani, nilitaka kulipigia makofi.

Njia moja ilikuwepo. Mahakama ya kwao haivunji ndoa, lakini inaweza kutamka kwamba ndoa haikuwa ndoa tangu mwanzo, ikithibitika kwamba mtu yule hakuwa na akili ya kuoa. Kesi ilikwishafunguliwa. Kilichokosekana ni shahidi aliyeona tangu mwanzo. Na shahidi huyo alikuwa anakaa korido yetu hiyo hiyo, mlango wa mwisho karibu na ngazi.

Alikuwa mama wa makamo, mkaguzi wa viatu katika kampuni moja, na ndiye aliyeongoza sala za Wafilipino pale. Wote walimwita Ninang, mama wa ubatizo, lakini kwa jirani yangu neno hilo lilikuwa na uzito wake, maana alikuwa msimamizi wa harusi yake. Alisimama naye kanisani. Asubuhi ya pili ya harusi alipeleka chakula nyumbani kwa maharusi, akaona uso wa bibi harusi. Alichotakiwa ni kuapa hicho tu, alichokiona asubuhi ile.

Alikataa. Nilikuwa nachota maji ya moto kwenye birika la korido nilipomsikia akimjibu. "Niliahidi mbele ya Mungu kuilinda ndoa ile. Unataka niape kwamba haikuwepo?" Hakusema kwa ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa, na hilo lilinitibua zaidi, kwa sababu mtu mkali unajua pa kumshika. Tangu siku hiyo hakumtazama jirani yangu usoni tena.

Ndipo likaja hilo igizo. Kwao kabla ya Krismasi watu huigiza Maria na Yosefu wakitafuta pa kulala. Wanaimba mlango kwa mlango, kila mwenye nyumba anawafukuza, mpaka mlango wa mwisho unafunguliwa na watu wote wanaingia kula. Jirani yangu akaomba awe Maria. Na mlango wa mwisho ulikuwa wa Ninang.

"Nikisimama mbele yake na tumbo na mshumaa, itabidi anitazame," aliniambia. "Akinitazama nitamwomba mara ya mwisho. Siku kama ile hawezi kukataa."

Nilimwona kama mtoto. Nami nikakubali kuwa mwenye nyumba wa pili, ili niwepo.

Kabla ya kufika huko waligombana kuhusu nguo. Mwaka ule nchi yao ilikuwa inasherehekea miaka mia tangu ijitangazie uhuru, na jirani yangu alitaka Maria avae vazi la kwao, lile lenye mikono iliyosimama mabegani kama mbawa za kipepeo. Tena alikuwa amechora pazia la kutundika mwisho wa korido, kwenye kitambaa cha jinzi alichopewa Xintang. Maria wa pale alikuwa mweusi kidogo, pua bapa, mjamzito, na mkononi ana begi la safari la zipu, lile lile wanalobeba wanawake wao wakienda kufanya kazi nchi za watu. Uso aliuchora umegeuka, sikio la kushoto halionekani.

Ninang alilitazama pazia muda mrefu. "Huyu si Maria. Huyu ni mtumishi anayesubiri ndege."

"Maria wako wa kanisani ni Mhispania," jirani yangu akasema.

"Ndiye tuliyemlilia miaka yote. Mama zetu walimlilia huyo. Wewe unataka kumvua uso kwa sababu ya sherehe ya serikali?"

Wengine wakaingilia, mmoja anasema sanaa ya taifa ianze na pua ya taifa, mwingine anasema Maria hakuzaliwa Manila wala Madrid. Nilitaka kuwaambia kwamba chuoni tulifundishwa Bi Mariamu alizaa peke yake chini ya mtende, hakubisha mlango wa mtu, lakini nilijizuia. Mwishowe pazia likakubaliwa kwa kura, na Ninang akasema kura si sala.

Jirani yangu alinifundisha maneno yangu. Kila nilipofika "nyumba imejaa" ulimi ulikuwa unaongeza wenyewe, "samahani sana, msinifikirie vibaya, labda kesho." Alishika kiuno. "Ate, sehemu yako huijui!" Nikamwambia neno la kukataa nalijua kuliko wote, *meiyou*, hakuna, ndilo ninaloambiwa kutwa Zhanqian Road nikiomba rangi nyingine. Tatizo ni kulisema mimi.

Siku ilipofika Ramadhani ilikuwa imeanza. Mapokezi tuliwaambia kuna sherehe ya kuzaliwa mtoto, na wala hatukusema uongo. Walianza jioni mapema, kwa sababu Yosefu alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hoteli kubwa na usiku alikuwa na kazi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mkongo wa Lubumbashi, Mkatoliki, mnunuzi wa vitenge. Alikataa kwa moyo wote. "Pas de place!" nikamsikia, yaani hakuna nafasi, na mlango ukapigwa mpaka balbu yangu ikacheza.

Mimi nilikuwa nageuza muhogo wa nazi. Tende ziko kwenye kisahani, bado kidogo magharibi iingie. Wimbo ukasogea, ukafika mlangoni kwangu, ukakatika. Nikashika kitasa, maneno yangu tayari mdomoni.

"Hodi," akasema.

"Karibu," nikajibu. "Karibuni, karibuni ndani."

Korido nzima ikaangua kicheko. Mkongo akatoa kichwa nje. "Maman! Miye nilikatala muzuri, weye unafungula mulango!" Nami nimesimama na mwiko mkononi, mbele yangu mwanamke mwenye tumbo la fulana za watoto, sampuli zangu mwenyewe, na sufuria inatokota, na mwezi wenyewe ule. Ningesemaje? Mpaka leo sijui kama hodi ile ilimtoka au aliikusudia.

Wakaingia, waliotosha wakatosha na wengine wakabaki mlangoni. Nikampa Maria tende. Yosefu alijichukulia mwenyewe. Saa ilipofika nilifungua pamoja nao, na kwa muda ule mfupi nilifurahi kweli kweli.

Kisha wakapanga mstari tena, wakaenda mlango wa mwisho. Nami nikafuata, mwiko bado mkononi. Mlango wa Ninang ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Alikuwa amesikia yote.

Waliimba ubeti wao. Jirani yangu akabisha. Ninang akafungua, kavaa gauni la kanisani, mshumaa mkononi, na nyuma yake meza ya vitumbua vyao vya mchele imefunikwa kitambaa cheupe. Akamtazama. Baada ya miezi yote ile alimtazama usoni, akatazama mikono ya kipepeo, akatazama pazia la jinzi ukutani. Jirani yangu akafungua mdomo aombe.

"Nyumba imejaa," Ninang akasema. "Nendeni mbele."

Hakuimba. Yosefu akacheka, akadhani ni utani wa kujibu ule wangu, akaanza ubeti upya. Ninang akainua mkono. "Ameshapata pa kulala. Kwa watu wenye talaka." Akafunga mlango taratibu, bila kuupiga.

Mbele kulikuwa na ngazi tu.

Nilienda na mwiko wangu kuupiga mlango ule, naapa ningeuvunja. Jirani yangu akanishika mkono. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, na Mkongo, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anacheka, akalishusha pazia na kulikunja kwa adabu kama bendera.

Tulirudi chumbani kwangu. Alivua ile mikono ya kipepeo, akaanza kutoa fulana tumboni, akawa anazikunja juu ya kitanda moja moja kama za dukani. Hakulia. Alipomaliza alikaa upande wake, sikio zima kwangu.

"Ate, nikiingia kwenu, nitafunguliwa?"

Nilijua anachouliza: akisilimu, ndoa ile itamwachia? Mama yangu angekuwepo angepiga vigelegele, na thawabu yake naifahamu. Ile "karibu" ilikuwa imenijaa mdomoni, kama ile ya mlangoni. Lakini nilimkumbuka yule mpwa na ndizi zake. Nikakumbuka pia miaka ya kabla ya ndizi, ambayo sikuwa nimemsimulia, nilipokuwa naiomba karatasi ile kwa kulia na mume wangu anacheka, ananiambia nitaipata siku atakayotaka yeye.

"Hapana, mdogo wangu," nikasema. "Kwetu pia kalamu ya talaka ameshika mume. Na huyo wako hata hiyo kalamu yetu hana. Ukija, njoo kwa ajili ya Mungu. Kwa ajili ya mume usije, utafungwa mara mbili."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe sehemu yako unaijua, Ate."

Nikazima jiko, nikampakulia muhogo.