Kamba Isiyokuwa Kwenye Video Yangu

Sikiliza, wewe unayetengeneza slaidi za mafunzo na kuzituma mbali kwa diski. Najua umeshakutana na lile sanduku jeusi mahali ambapo video ilipaswa kucheza. Usilichukie. Kiungo cha video kilichokatika husema ukweli papo hapo. Mimi nitakusimulia kuhusu kisichokatika.

Nilikuwa Lodwar, nikiandaa mafunzo ya wahudumu wa afya wa kujitolea. Kompyuta ya ukumbi wetu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma haikuwa na intaneti, na flashi tulizipiga marufuku baada ya virusi kuiharibu mara mbili. Kwa hiyo tulituma diski. Somo la juma lile lilikuwa kuumwa na nyoka, na kiini chake kilikuwa video fupi: mgonjwa atulizwe, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali haraka. Asifungwe kamba. Asichanjwe kwa wembe.

Saa tano asubuhi alinipigia mkufunzi wa Kakuma, mama wa Sudan Kusini anayeongea nami kama mdogo wake. Alinisifu. Diski ilikuwa imefunguka vizuri, wahudumu walifurahi, na tayari walikuwa wametawanyika kambini na kwenye makazi ya jirani ya Kalobeyei.

"Na yule mzee wa video, mwalimu," akasema, "anajua kufunga kamba. Anakaza mpaka mguu unakuwa kama kuni."

Nilishika ukingo wa meza. Kwenye video yangu hakukuwa na mzee. Hakukuwa na kamba.

Nikueleze polepole, maana mimi pia nilichelewa kuelewa. Slaidi zile hazikubeba video ndani yake. Zilibeba anwani tu. Anwani yangu ilisema: ingia folda ya Mafunzo kwenye kompyuta hii, fungua video ya Nyoka. Lakini slaidi zikifika Kakuma, "kompyuta hii" ni ya Kakuma. Na huko, miaka ya nyuma, mimi mwenyewe niliwahi kuweka folda ya jina hilohilo, yenye video ya zamani, nayo pia ikiitwa Nyoka, ya wakati tulipokuwa bado tunafundisha kufunga kamba. Video mpya ilikuwa imelala ndani ya diski, haijafunguliwa na mtu.

Nilimwambia yote. Hakunifokea. Alisema orodha ya waliohudhuria anayo yeye, nikate simu awaite.

Nilichoma diski mpya, nikaharibu mbili kwa haraka, nikaondoka na gari la kwanza. Njia nzima nilitazama miguu ya watu: ya wachungaji, ya akina mama wenye kuni, ya watoto wenye madumu. Kila mguu niliuona umefungwa, unakuwa mweusi, na mkono uliofunga ulikuwa wangu.

Ukumbini nilikuta wahudumu wote wamerudi isipokuwa mmoja, Mturkana aliyepangiwa Kalobeyei. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa ameshamtuma mtu wa pikipiki amtafute. Kisha mhudumu mmoja akasema, kwa sauti ya chini, amesikia kuna mchungaji ameumwa na nyoka upande uleule. Mama aliendelea kukunja orodha na kuikunjua.

Pikipiki ilipoingia, yule mhudumu alishuka akiwa na begi mgongoni. Alinisalimu, "Ejok," kama siku nyingine yoyote. Nikamuuliza kama amemfunga mgonjwa.

"Nilitaka," akasema. "Lakini sikuwa na kamba. Nikaenda dukani kununua. Nikirudi, ndugu zake wamempeleka hospitali."

Akaitoa, mpya, bado ina karatasi ya duka.

"Basi kafunge mbuzi," mama akamwambia, na akalitia alama jina lake kwenye orodha.

Tuliifuta folda ya zamani, tukaonyesha video ya kweli mara mbili. Mgonjwa, tuliambiwa baadaye, alipona na mguu wake. Mimi bado huiona ile kamba.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka slaidi na video zake kwenye folda moja kabla hujaunganisha chochote, ili anwani isitoke nje ya folda hiyo, kisha choma folda nzima. Halafu peleka diski kwenye kompyuta ileile itakayotumika, ifungue, na utazame kila video mpaka mwisho, kwa macho yako.