Ijumaa, Saa Saba Mchana

Kompyuta iliikataa programu kwa sababu, kwa hesabu yake, programu hiyo ilikuwa haijatengenezwa bado.

Msicheke. Nilikuwepo, na miwani nilikuwa nimevaa.

Mke wangu alipopofuka, alianza kutunga utenzi wa kumuusia mjukuu wetu wa pekee. Yeye akisema, mimi nikichapa, kila siku baada ya alasiri, kwa miaka mitatu. Beti mia nne na kumi. Wa mwisho aliutoa siku tisa kabla ya Mola kumchukua.

Kisha diski ya kompyuta ikaungua.

Fundi mmoja, tuliyezoea kumwita Bisibisi, aliijenga upya: diski mpya, mfumo mpya. Ya zamani aliitupa, haikuwa na dawa. Sikutaharuki. Binti yangu alikuwa ameniwekea programu ya kutunza nakala kwenye diski ya pembeni. Iliyobaki ilikuwa kuisakinisha tena programu ile, maana nakala zake haziwezi kufunguliwa na nyingine.

Ikagoma.

Tukazima, tukawasha. Tukaondoa kinga ya virusi. Tukaipakua upya. Jibu likawa lile lile: cheti cha programu si halali.

Siku ya tatu nilimwita Bisibisi mbabaishaji, mbele ya wateja wake. Neno hilo halikuifaa mvi yangu.

"Nitukane, mzee, ila usiondoke," alisema, macho yangali kwenye kioo. "Huu mwaka gani?"

Nikamtajia.

"Basi mashine yako iko nyuma miaka kumi na miwili."

Kibetri kinachoilinda saa ya kompyuta kilikuwa kimekufa. Kwa tarehe iliyoiamini, cheti kilikuwa hakijaanza kutumika. Bisibisi akaweka kibetri kipya, akarekebisha tarehe, na programu ikaingia bila kinyongo.

Nikahimidi. Nikamwomba fundi radhi. Mjukuu wangu, aliyeketi ubavuni pangu tangu asubuhi, akanishika mkono.

Programu ikafunguka.

Nakala moja tu, ya siku ile ilipowekwa. Ndani yake, beti kumi na moja.

Chini ikateremka orodha ya mistari myekundu: Ijumaa, saa saba mchana, imeshindikana, kompyuta imezimwa. Ijumaa, saa saba mchana, imeshindikana. Ijumaa. Ijumaa.

"Saa hii aliipanga nani?" Bisibisi aliuliza, kwa sauti ya chini.

Mimi.

Binti yangu aliponiuliza nataka nakala zihifadhiwe lini, nilichagua saa ya Ijumaa kwa kutafuta baraka. Na kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, niliizima kompyuta kwa mkono wangu huu, kwa kuona si adabu mashine kunguruma nyumbani wakati wa swala. Kijidirisha cha onyo kilipojitokeza, nilikifunga kama mtu afukuzaye nzi.

Mjukuu wangu hakulia. Laiti angelia.

"Babu," alisema, "bibi alitaka nizihifadhi kwa moyo. Kila jioni ubeti mmoja."

Nakumbuka. Nakumbuka pia nilivyomjibu mke wangu: "Usimchoshe mtoto. Mashine inakumbuka."

Mimi, niliyelelewa kwa kuhifadhi. Ninayezijua kwa ghibu beti za watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa, za mke wangu sikushika hata ubeti mmoja. Nilidhani kuuchapa ndiko kuushika.

Ndugu zangu, fungueni akiba zenu leo, mtazame kama zina kitu. Msiwe kama mimi, niliyelinda mlango miaka mitatu na chumba ni kitupu.

Mjukuu wangu sasa anazijua zote kumi na moja. Huu ndio ubeti wa kumi na moja, naye hunisomea akiwa amenipa mgongo:

*Mwanangu, shika kauli,*
*usiamini kufuli,*
*mlinzi wa kila mali*
*ni moyo unaokesha.*