Miwili

Mbwa wetu, bado mtoto, alikuwa na tumbo kubwa, nasi tukadhani ameshiba. Alilala chini ya meza ya omena ya mama, pale mtaani Kisumu Ndogo, akiokota vichwa vya dagaa hao vilivyoanguka. Wateja walimtania mama, "Mbwa wako ana kitambi kama chifu!" Nimehamahama miji mingi tangu miaka hiyo ya tisini, na harufu ya meza ile bado hunivuta nyumbani. Lakini nikiifuata, humkuta mbwa.

Asubuhi moja alitapika minyoo, mirefu, myeupe, ikijikunja vumbini. Nilimwomba mama dawa.

"Wewe mwenyewe sijawahi kukununulia dawa ya minyoo," alisema, "nimnunulie mbwa?"

Nilikwenda Kawangware kwa miguu bila kumwambia. Kulikuwa na mwuza dawa sokoni, mwenye kipaza sauti na chupa iliyojaa minyoo. Akina mama walimzunguka, watoto mgongoni.

"Mgonjwa ni nani, dada?"

"Mtoto wetu."

"Ana mingapi?"

"Miwili."

Nilimaanisha miezi. Yeye alisikia miaka, nami nilijua hivyo. Lakini wale watoto walikuwa na matumbo kama ya mbwa wangu, na mama zao walikuwa wananitazama. Ningesemaje kwamba namnunulia mbwa? Akanifungia unga wa dawa kwenye kipande cha gazeti. "Mpe yote mara moja, na uji."

Nilimpa yote. Jioni alikuwa akitetemeka. Kesho yake nilimzika kando ya reli.

Wiki iliyofuata mama alinituma Kawangware kununua mifuko ya kufungia omena. Nilipita mbali na mwuza dawa, lakini aliniona.

"Eh, dada! Mtoto anaendeleaje?"

Watu waligeuka.

"Amepona," nikasema.

Akainua kipaza sauti. "Mmesikia wenyewe! Mtoto wa miaka miwili, dozi moja tu!"

Mikono ikanyooshwa. Mwanamke mmoja alitoka kwenye kundi akiwa na kipande chake cha gazeti, akanisogelea. Mgongoni mwake, ndani ya leso, nilimwona mtoto kisogo tu.

"Wenu alisumbuka sana alipokunywa?"

"Kidogo."

"Afadhali," alisema, akiifunga leso vizuri. "Huyu wangu pia ana miwili."

Sikumuuliza miwili ya nini.