Shati la Bluu la Kigogo

Mto Msimbazi ulipofurika mwaka ule wa mvua zisizokatika, mke mwenzangu alikuwa amepanga bondeni, Kigogo. Mimi nilikuwa Ubungo, juu, ambako maji hayafiki. Nitasema ukweli: niliposikia yameingia kwake mpaka dirishani, sikumwonea huruma. Niliwaza tu kwamba sasa ataletwa kwangu. Na kweli mume wetu alimleta, pamoja na godoro linalochuruzika tope, akaniomba nimvumilie siku chache.

Miaka sita nilikuwa na wivu naye. Mume wetu alinunua kila kitu viwili viwili, kama dini inavyomtaka: mapazia sawa, chupa za chai sawa, vitenge sawa. Lakini roho iliniambia vya kule ndivyo vizuri zaidi. Sikuwahi kukanyaga kwake nikahakikisha. Ningeanzaje?

Maji yalipopungua nikajitolea kwenda kumsaidia kusafisha. Alinishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Hakujua nimekwenda kukagua.

Tulitoa kila kitu nje, tukakianika juani. Kapeti lilikuwa kama langu. Chupa ya chai kama yangu, mpaka ua lililochorwa ubavuni. Nilitafuta kilichozidi, sikukiona, nikaanza kujionea haya. Ndipo akalivuta nje sanduku la nguo za mume wetu. Suruali tano, kanzu tatu, mashati sijui mangapi, kofia, viatu vya zamani, na picha ya marehemu mama mkwe wetu, imelowa. Nikakaa juu ya ndoo. Kwangu mwanamume huyu huja na begi dogo, na zamu yangu ikiisha huondoka nalo.

"Dada, umechoka. Hizo niachie, nitazifua mie," mke mwenzangu akasema.

Nikamwambia sijachoka. Nilizifua zote mwenyewe, nikizikamua kwa hasira, na shati moja la bluu nikalitia kwenye mkoba wangu likiwa bichi.

Mwenzangu aliporudi kwake, zamu zikaanza upya. Mume wetu alilikuta lile shati kwenye kamba yangu, mbele ya nyumba, majirani wote wanaliona. Akauliza limefikaje huku.

"Maji yamelileta," nikamwambia.

Aliutazama mteremko wote ule mpaka bondeni. Asubuhi alipokuwa anaondoka alilianua, akalikunja vizuri, akalitia kwenye begi.